Sava yetu ya Kariakoo imepitwa na wakati?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nasimamia mfumo wa stoo kwenye duka la jumla la spea hapa Kariakoo, sava inatumia Debian 12 (mfumo endeshi wa familia ya Linux) na databesi ni PostgreSQL 15, mwaka wa pili huu inapiga kazi bila shida. Sasa kaajiriwa kijana mpya anamwambia bosi tumepitwa, PostgreSQL imeshafika 18, na programu huria zingine tunazotumia eti zimekufa maana miezi inapita hazina kitu kipya. Bosi kaingiwa na hofu anataka tubadilishe vyote. Nifanyeje?
Msomaji, Sinza

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kwanza bosi atulie. Kwenye Debian ile wanayoiita stable, yaani iliyotulia, namba ya vesheni ya programu inagandishwa makusudi lakini marekebisho ya usalama yanaendelea kuingia, so unaweza ukaona namba ya zamani kumbe tundu lilishazibwa juzi tu. PostgreSQL nao kila mwaka wanatoa vesheni kubwa moja na kila moja wanaitunza miaka mitano, hiyo yako ya 2022 inatunzwa mpaka Novemba 2027. 18 ni nzuri sikatai, ila sidhani kama kuna kitu humo ambacho stoo ya spea inakikosa.

Hili neno "imekufa" ndo linaniuma. Kuna kiprogramu kinaitwa xz, cha kubana mafaili, kipo karibu kila Linux, kazi yake ilishakamilika zamani na alikuwa anakitunza mtu mmoja tu, bure kabisa. 2022 watu wakaanza kumsakama, mbona unachelewa, mbona hakuna jipya, akawakumbusha kuwa hii ni kazi ya kujitolea na hali yake siyo nzuri, wapi, wakazidi kumbana aachie wengine, mwishowe mgeni aliyekuwa anajisogeza kama msaidizi akapewa funguo. Februari 2024 huyo mgeni akapachika mlango wa siri ndani ya vesheni 5.6.0! Aliyeugundua Machi ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL hiyo hiyo mnayotumia, aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde akachimba mpaka akaukuta. Ulishafika kwenye Debian za majaribio. Debian 12 kama yako haikuguswa, yenyewe ilikuwa bado iko na xz 5.4.

Ila kijana naye ana haki ya kuuliza, maana kuna programu kweli zimetelekezwa. Hapo usihesabu vitu vipya, angalia mtu akiripoti tundu la usalama kuna anayejibu? linazibwa baada ya muda gani? Ukikuta ripoti za mwaka mzima hazijaguswa basi hiyo hameni, tena mapema.

Na kuhama kwenyewe kuna siku yake. Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na inakuja na PostgreSQL 17, tafuteni kompyuta ya pembeni mjaribie huko na kopi ya data, msubiri wiki ya baada ya kuhesabu stoo. Kazi hiyo mpe huyo kijana, ana moto, aanze kwa kurudisha bekapu muione inafunguka kweli kabla hamjaigusa sava ya duka.