Mwaka Uliochongwa: Namna ya Kuichunguza Dola ya Fedha Kabla ya Kulipa

Miaka sita iliyopita, katika maonyesho ya sarafu kwenye jimbo la Ohio ninakoishi, nilinunua kwa dola 1,900 sarafu ya fedha ya dola moja ya Marekani, ya aina iitwayo Morgan, yenye mwaka 1893 na herufi S upande wa nyuma. Mwaka huo kiwanda cha San Francisco, ambacho S ndiyo alama yake, kilipiga dola 100,000 tu za aina hiyo, na hata ile iliyochakaa huuzwa kwa maelfu. Niliipima ikatoa gramu 26.4, uzito unaokubalika kwa sarafu iliyotoka kiwandani na gramu 26.73 kisha ikapita mikononi mwa watu. Sumaku haikuivuta, na ukingo wake ulikuwa safi. Nikalipa kwa furaha. Wiki tatu baadaye nilibaini kuwa ni sarafu halali ya mwaka 1898, ambayo 8 yake ya mwisho ilichongwa ikawa 3.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa ulaghai huu. Sarafu bandia ya kuyeyushwa hunaswa na mizani, lakini hii ni fedha ya kweli, iliyopigwa na kiwanda cha kweli, na kila kipimo cha kawaida itakipita. Kilichobadilishwa ni sehemu ndogo kuliko punje ya ufuta, nayo ndiyo iliyobeba bei yote.

Tangu siku ile huichunguza tarakimu kabla ya kitu kingine chochote. Zima taa za chumba, acha moja tu iangaze kwa ubavu, kisha uigeuzegeuze sarafu polepole chini ya lenzi inayokuza mara kumi. Tarakimu iliyopigwa na muhuri wa kiwanda huinuka kutoka kwenye uso wa sarafu kwa mteremko laini, na ncha zake huwa zimeviringana. Kwenye sarafu yangu, ncha za kushoto za ile 3 zilikuwa zimekatwa wima, kama ukucha uliokatwa kwa wembe, na kando yake palikuwa na kibonde chenye mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Rangi nayo ilisema: uso wote ulikuwa na kijivu cha miaka mingi, ila pale pembeni ya 3 palikuwa na weusi wa kibuluu, dalili kwamba mchongaji alipapaka dawa ili kuficha weupe wa fedha iliyotoka kukwanguliwa. Yote haya yalikuwepo siku niliyonunua, lakini macho yangu yalikuwa yameshikwa na bei.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulikuwa mbali na mwaka wenyewe. Dola zote halali za 1893 kutoka San Francisco zilipigwa upande wa kichwa kwa muhuri mmoja tu, na muhuri huo ulikuwa na kasoro zake. Katika neno LIBERTY lililo kwenye utepe wa kichwani, sehemu ya juu ya T ina kimstari chembamba cha mshazari, na mguu wa kushoto wa R una kinundu kidogo. Yangu haikuwa na hata kimoja. Kipimo hichohicho kitakusaidia dhidi ya hila nyingine, ya kuchukua dola ya 1893 iliyopigwa Philadelphia, ambayo haina herufi ya kiwanda, na kuibandika S. Kwenye upande wa nyuma wa sarafu utafute pia mstari wa lehemu au gundi kuizunguka herufi.

Kwetu watu wa Pwani, dola ya 1804 ina uzito wa pekee. Mwaka 1835 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alimpelekea Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar, seti ya sarafu iliyokuwa na dola yenye mwaka 1804, ingawa dola zenye mwaka huo zilianza kupigwa 1834. Inayoaminika kuwa ndiyo ile iliuzwa mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4.1. Zinazojulikana ni 16 tu, na kwa sababu hiyo wachongaji wamezigeuza dola za miaka ya kabla yake, hasa ya 1800, 1801 na 1803, zisomeke 1804. Ukiambiwa kuna nyingine ndani ya kasha la babu wa mtu, usitoe hata malipo ya awali.

Reale zenye mwaka 1780, ambazo baadhi yetu tumezikuta nyumbani, ni jambo jingine kabisa. Hazikuchongwa, bali baada ya kifo cha Maria Theresa, malkia wa Austria ambaye sura yake imo juu yake, ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo, na mwenye kuiuza yake kama sarafu ya karne ya 18 aombwe uthibitisho.

Kwa sarafu ya bei kubwa, sasa ninanunua ile tu iliyokwisha kuthibitishwa na PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, na hata hapo ninaihakiki namba ya cheti kwenye tovuti yao, kwa kuwa vikasha vya plastiki wanavyofungia sarafu pia huigizwa. Isiyothibitishwa ninaichukua kwa risiti inayotaja mwaka, herufi ya kiwanda na haki ya kuirudisha. Mimi sikudai risiti, na niliporudi kumtafuta muuzaji sikumpata.

Sarafu ile sikuiuza, kwa sababu kuiuza kwa jina la 1893 kungenifanya mshirika wa mchongaji. Imo ndani ya bahasha niliyoiandika kwa wino mweusi, kwa Kiswahili na Kiingereza, “1898-S, imechongwa”, ili wanangu watakapoikuta wasidanganyike wala wasimdanganye mtu.