Miche yangu 320 ilinyauka ikiwa mibichi

Wiki iliyopita nimepeleka matenga 14 ya nyanya soko la Kilombero, Arusha mjini. Kwa mkulima mkubwa hayo si kitu. Kwangu ni mengi sana, kwa sababu yametoka kwenye udongo ule ule ulionifilisi.

Usiku wa siku hiyo kijana mmoja wa Mabogini, Moshi, akaniandikia: "Shikamoo mama. Baba amestaafu, amenipa nusu ya kiinua mgongo chake. Naomba mchanganuo wa kitalu nyumba." Yaani hesabu za gharama na faida za kulima ndani ya nyumba ya nailoni. Sikulala.

Na mimi niliwahi kuomba mchanganuo. Nikatumiwa kurasa mbili safi: idadi ya miche, kilo kwa kila mche, bei ya kilo, faida. Ugonjwa haukuandikwa popote. Nikauza ng'ombe wawili, nikakopa VICOBA, zikafika shilingi milioni 6, nikajengewa kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 hapa Maji ya Chai. Waliojenga wakanifundisha siku moja, wakanipa cheti, tukapiga picha.

Nyanya zilikuwa zimeanza kufunga matunda nilipoona mche mmoja umelegea saa sita mchana. Majani mabichi kabisa, wala hayana doa. Jioni ukasimama. Kesho yake ukalegea tena, siku ya nne ukafa. Nikapiga simu kwa walionijengea, wakasema ongeza maji. Nikaongeza, kumbe ndiyo naubeba ugonjwa kutoka mche hadi mche. Nikanunua dawa ya ukungu, nikapiga mara tatu. Baadaye simu zangu hazikupokelewa tena. Ndani ya wiki sita miche yote 320 ilikuwa imekwisha, na shemeji yangu akasema mbele ya watoto wangu kwamba ng'ombe wa ukoo wameliwa na nailoni. Maneno hayo bado yananiuma.

Bwana shamba wa kata ndiye aliyenifungua macho, na alitumia glasi ya jikoni kwangu. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza kwenye maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. Akasema, "Mama, huu ni mnyauko bakteria. Uko kwenye udongo. Hakuna dawa dukani ya kuutibu." Kipimo cha glasi moja ya maji! Ningekijua mapema, ningeng'oa mche wa kwanza na kuacha kumwaga pesa kwenye dawa ya ukungu.

Miaka miwili iliyofuata nililima mahindi na kulipa deni. Hayo tuyaache.

Nilichokuja kujifunza ni kubebesha nyanya juu ya bilinganya, yaani kuunganisha sehemu ya juu ya mche wa nyanya kwenye shina lenye mizizi ya bilinganya. Nilikiona mara ya kwanza kwenye viwanja vya Nane Nane, Themi. Utaalamu huu umeendelezwa kwa miaka mingi na Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho makao yake makuu yako Taiwan na kina kituo hapa Tengeru. Ziko bilinganya, kama aina ya EG203, ambazo mizizi yake inauhimili mnyauko. Unazipanda siku chache kabla ya nyanya kwa kuwa hukua taratibu. Mashina yakilingana unene, unakata yote mawili mshazari kwa wembe mpya, unayaunganisha kwa kimrija cha mpira, unaweka miche gizani kwenye unyevu, kisha unaizoesha mwanga kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi. Shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, nyanya inatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa unaingia.

Nilipoona wembe ule nilimkumbuka babu yangu wa Machame, aliyebebesha maparachichi nikiwa mdogo nikimshikia kamba. Ujuzi ulikuwa nyumbani kwetu, na mimi nikaenda kununua nailoni.

Sikufaulu mara moja. Miche 50 ya kwanza ilipona 9, kwa sababu nilikata mchana wa jua. Ya pili ikapona 31. Kila kitu niliandika kwenye kaunta buku: saa niliyokata, nani alikata, lini nilifungua nailoni ya kufunikia miche. Mara ya nne ikapona 44. Hakuna mtu aliyenipa cheti kwa hiyo 44, lakini leo majirani wananunua miche kwangu, na shemeji yangu ni mmoja wao. Nimemuuzia kwa bei ile ile ya wengine.

Kwa hiyo ninyi mnaoniandikia kila siku mkitaka mchanganuo, nisikilizeni. Jifunzeni kwanza, mjenge baadaye. Jaribuni kwa miche 50, si 500. Andikeni. Mkishajaribu, jaribuni tena na mwandike tena. Msikubali semina ya siku moja iitwe mafunzo. Mwulizeni anayewafundisha atarudi lini shambani, na kama hana tarehe, shikeni pesa zenu. Kubebesha nako hakumalizi kila tatizo. Kantangaze, mdudu anayeharibu majani na matunda ya nyanya, aliyeonekana mara ya kwanza nchini mwaka 2014 huku kwetu Arumeru, hajali nyanya yako imesimama juu ya mzizi gani. Huyo anataka mitego yake na macho yako kila asubuhi.

Mwanangu wa Mabogini, pesa ya baba iache benki msimu huu. Pale unapotaka kujenga, panda mistari miwili ya nyanya za kawaida uiangalie. Mche wa kwanza ukilegea mchana ukiwa mbichi, kata shina, chukua glasi ya maji safi, subiri dakika tano. Halafu unipigie, hata kama ni usiku.