Spana Iliyo Karibu Sawa Ndiyo Iharibuyo Bolti

Bolti zilikuwa sita, zimejipanga kwa duara mahali ambapo ekseli inaungana na giaboksi, na zote zilikuwa zimefukiwa na tope la grisi kiasi kwamba nilizitambua kwa kidole kabla ya kuziona kwa macho. Ilikuwa Jumamosi ya masika, nami nilikuwa uani kwangu Soweto, Moshi, chini ya gari dogo la Kijerumani nililolinunua likiwa limeshatumika. Kazi niliyojipa ilikuwa ya kubadilisha mpira wa jointi ya ekseli, ule ambao mafundi huuita buti, kwa sababu ulikuwa umechanika na kurusha grisi hadi kwenye rimu. Nilifuta kichwa cha bolti ya kwanza kwa kitambaa, nikaona tundu lenye meno kama nyota, nikachukua ncha ya nyota kutoka kwenye seti yangu na kuipachika. Iliingia, ingawa ilikuwa ikicheza kidogo, nami nikajiambia kwamba itatosha.

Haikutosha. Ncha ilizunguka ndani ya tundu kwa sauti ya kukwaruza, na nilipoitoa nilikuta meno ya bolti yamegeuka kuwa unga wa chuma unaometameta ndani ya grisi nyeusi. Nilirudia kosa hilo hilo kwenye bolti ya pili, safari hii nikiwa nimeongeza kipande cha bomba kwenye mpini ili nipate nguvu zaidi, nayo ikaliwa vilevile.

Siku ile hasira yangu yote iliwaendea waliotengeneza gari, kwa sababu sikuona ni nini kilichowazuia kutumia bolti ya kawaida ya pembe sita ambayo kila nyumba yenye gari ina spana yake. Leo sioni hivyo tena. Nimetengeneza magari yangu mwenyewe kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila bolti niliyoiharibu niliiharibu kwa kifaa kilichoingia vizuri kiasi cha kunidanganya. Kifaa kisichoingia kabisa hakina madhara, kwa kuwa kinakulazimisha usimame na kufikiri. Kile kinachoingia huku kikicheza ndicho kinachokugharimu.

Tundu nililoliona siku ile lilikuwa na pembe 12, si sita. Ukitaka kulielewa, chukua miraba mitatu iliyo sawa, uiweke mmoja juu ya mwingine, kisha uzungushe kila mmoja kidogo mpaka pembe zake zote 12 zijitokeze kwa nafasi zinazolingana. Aina hiyo hujulikana kwa herufi XZN, na ncha zake huandikwa M8, M10, M12 na kuendelea, nayo hupatikana sana kwenye magari ya Kijerumani. Nyota ya kawaida, ile iitwayo Torx, ina meno sita tu yenye migongo ya mviringo. Ukiwa umelala chini ya gari, mwanga hafifu na grisi imejaa tundu, hizo mbili hufanana sana, na njia ya kuzitofautisha ni moja: safisha, kisha hesabu meno.

Kusafisha ndiko kunakodharauliwa kuliko hatua zote. Kwa zile bolti nne zilizobaki nilitumia spoki ya baiskeli niliyoinoa ncha kwenye jiwe. Niliichokoa grisi iliyoganda mpaka chini kabisa ya tundu, nikatia mafuta ya taa, nikachokoa tena, na kila tundu lilitoa tope lililokauka lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Punje hiyo ndiyo inayoizuia ncha kufika chini. Ncha isipofika chini hushika kwa milimita mbili au tatu za juu peke yake, na hapo hata kifaa sahihi kitaharibu bolti. Nilipopata ncha ya M8 nikaipachika kwa kuigonga na nyundo mara mbili, bolti zote nne zilifunguka bila kelele.

Zile mbili zilizoliwa zilinipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole mwenye banda lake Majengo, ambaye alikuja na mashine yake hadi nyumbani. Alishikiza nati juu ya kichwa cha bolti, akachomelea kwa ndani mpaka vikawa kitu kimoja, akasubiri kidogo, kisha akazungusha kwa spana ya kawaida. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuilegeza bolti iliyoshika, kwa hiyo njia hii hufanya kazi mbili kwa pamoja, ila ni lazima terminali ya betri ifunguliwe kwanza na mafuta yafutwe kote kuzunguka. Alipomaliza aliniambia, "Kaka, ungeniita kabla hujaizungusha, ningekutoza nusu." Maneno yale nimeyakumbuka kila nilipoona ncha inacheza.

Ni haki pia kueleza kwa nini vichwa hivi vipo, kwa sababu nilipojua sababu hasira yangu ilipungua. Skrubu ya msalaba, ile tunayoifungua kwa bisibisi ambayo wengi huiita ya nyota ingawa ncha yake ni ya msalaba, ilipewa hataza Marekani mwaka 1936 kwa jina la Henry Phillips, na ilipendwa viwandani kwa sababu ncha hujiweka yenyewe katikati. Kasoro yake ni kwamba kuta za tundu zimeinama, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu ncha hupanda juu na kuruka. Nyota ya meno sita ilibuniwa na kampuni ya Camcar mwaka 1967, nayo kuta zake zimesimama wima, hivyo nguvu yote ya mkono huenda kwenye kuzungusha bila ncha kusukumwa nje. Basi ni bolti nzuri, ilimradi uwe na namba yake. Namba hizo zimekaribiana mno: T27 ina upana wa milimita 5.07 na T30 milimita 5.6, yaani tofauti isiyozidi unene wa kucha. Kwa hiyo usianze na ncha ndogo inayoingia. Anza na kubwa isiyoingia, ushuke moja moja, na ya kwanza kuingia ndiyo yako.

Wapo watakaosema kwamba wao wana Toyota au Honda, wala mambo ya Wajerumani hayawahusu. Yanawahusu, tena kwa namna iliyojificha zaidi. Skrubu za msalaba zilizotengenezwa kwa kiwango cha Kijapani, JIS, zinafanana na zile za Phillips kiasi kwamba wengi wetu hatukuambiwa kamwe kuwa ni tofauti, na nyingi huwa na nukta ndogo iliyochongwa kichwani kama alama. Tundu lake ni fupi kidogo na pembe zake ni kali zaidi, kwa hiyo bisibisi ya Phillips hugota kwenye kuta kabla haijafika chini, inacheza, inaruka, na skrubu inabaki na shimo la duara. Hiki ndicho chanzo cha skrubu nyingi za pikipiki na magari ya Kijapani ambazo husemwa ni laini au za ovyo, ilhali bisibisi ndiyo haikuwa yake.

Mfano ulio wazi ni skrubu mbili zinazoshika diski ya breki kwenye magari mengi ya Honda. Zinakaa miaka zikipata joto, maji na tope, nazo hushika kana kwamba zimechomelewa. Hapa bisibisi ya mkono iache kabisa. Tumia ile ya kugongea, ambayo unaipiga nyundo kisogoni nayo inajizungusha kidogo huku ikisukumwa ndani, ikiwa na ncha ya namba 3 inayokaa sawasawa. Skrubu ikikatika au ukalazimika kuitoboa kwa drili, usikate tamaa, kwa kuwa kazi yake ni kuishikilia diski isianguke wakati gurudumu halipo. Gurudumu likifungwa, nati za gurudumu ndizo zinazoibana diski. Wakati wa kurudisha nyingine, ipake grisi kidogo kwenye uzi, na hakikisha hakuna hata tone linalogusa uso wa diski.

Arusha nako kuna shida yake, nayo ni Land Rover. Rafiki yangu mmoja wa Njiro, aliyewaendesha watalii miaka mingi, amebaki na Land Rover ya miaka ya 1970 ambayo bolti zake nyingi ni za inchi, na seti yake ya spana ni ya milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inaacha nafasi ya milimita 0.3, na kwenye bolti iliyolegea itafanya kazi bila lawama, jambo linalomfanya mtu aiamini. Kwenye bolti iliyoshika kutu, nafasi hiyo hiyo hula pembe zote sita kwa mvuto mmoja. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 mara nyingi huikaa kama yake. Lakini tisa ya kumi na sita, ambayo ni milimita 14.29, haiingii kwenye 14 na inacheza ovyo kwenye 15. Land Rover za baadaye zimechanganya inchi na milimita kwenye gari moja. Kwa mwenye gari la namna hiyo nashauri anunue spana ringi chache za inchi, hata za mtumba, kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kulipamba.

Rafiki huyo huyo aliwahi kuning'inia kwenye nati ya feni ya gari la jirani yake, Land Rover yenye injini ya 300Tdi, akiamini imeshika kwa kutu. Nati ile ni ya milimita 32 na uzi wake ni wa kushoto, yaani hufunguka kwa kuelekea upande ambao nati nyingine hukazwa, kwa hiyo alikuwa akiikaza kwa nusu saa nzima. Nati kubwa ikikataa, kabla ya kuongeza bomba jiulize ni upande gani inafunguka, na chunguza mwelekeo wa uzi kama sehemu yake inaonekana.

Vibanio vya plastiki vinavyoshika bampa na paneli za ndani ya milango sitavisemea mengi. Jua letu huvifanya vikauke na kuvunjika, kwa hiyo nunua pakiti kabla ya kuanza kazi, na tazama kama kitovu chake kinavutwa juu au kinabonyezwa ndani kabla ya kutia bisibisi.

Swali gumu zaidi ni jinsi ya kununua kifaa ambacho hujui jina lake, na muuza duka naye hajawahi kukisikia. Ukifika dukani ukaanza kueleza kwa mikono utarudi na kitu kingine. Mimi hutumia sabuni ya mche. Baada ya kulisafisha tundu na kulikausha, nakata kipande cha sabuni ambacho bado ni laini, nakichonga kiwe kinono kidogo kuliko tundu, nakikandamiza mpaka ndani, kisha nakitoa polepole. Kinatoka na meno yote, ukubwa na idadi, na nikikiweka juu ya kaunta muuzaji hupima ncha zake moja moja bila mabishano. Kwa bolti yenye kichwa cha nje, kwa mfano zile zenye umbo la nyota kwa nje zinazohitaji boksi la herufi E, napiga picha kwa simu nikiwa nimeweka rula pembeni. Ukiwa dukani angalia pia maandishi kwenye chuma. Ncha za nyota na za XZN zilizoandikwa S2, yaani aina ya chuma kigumu cha vifaa, huvumilia kupinda kuliko zile zisizo na alama yoyote, na ncha iliyopinda mara moja haifai tena hata ukiinyoosha.

Zipo bolti ambazo sizigusi, nami sioni aibu kusema hivyo. Bolti za silinda hedi kwenye injini nyingi za kisasa hukazwa kwa nguvu maalumu kisha huzungushwa zaidi kwa digrii kadhaa, na chuma chake hurefuka kidogo kikiwa kazini. Nyingi hazitakiwi kurudishwa zikishafunguliwa. Kwa bolti za breki na usukani, kama huna uhakika wa kipimo cha kukaza, mpe kazi hiyo fundi mwenye kifaa cha kupima. Na usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa bolti moja.

Sasa ncha yangu ya M8 inakaa ndani ya soksi kuukuu, kwenye kisanduku cha mbele karibu na kadi ya gari. Ninapompelekea fundi gari hilo, namkabidhi ufunguo na soksi ile kwa pamoja, namwonyesha ni bolti zipi inazifungua, na namwomba azichokoe kwanza kabla ya kuipachika.