Kabla hujailaumu darubini, geuza pete

Juzi alfajiri nilikuwa ukingoni mwa msitu na vijana watatu. Mmoja kaja na darubini mpya ya 10x42 (inakuza mara kumi, kioo cha mbele kina upana wa milimita 42) ya daraja la juu kabisa, bado inanukia boksi. Ikapita kwa wenzake wawili, kila mmoja akageuza alichojua kugeuza, ikamrudia mwenyewe. Akaangalia mara moja, akasema: "Mbona ukungu ukungu?" Dakika tano baadaye alishaanza kuulizana na wenzake kama inaweza kurudishwa dukani. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuirekebisha pete ya diopta, ile inayosawazisha jicho moja na jingine. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimelisema kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa nawaandikia.

1. Msinunue namba kubwa kwa sababu ni kubwa. Gawanya 42 kwa 10, unapata kiduara cha mwanga cha milimita 4.2 kinachoingia jichoni. Gawanya kwa 8, yaani darubini ya 8x42, unapata 5.25. Saa sita mchana hutaona tofauti. Alfajiri na magharibi, mboni ikiwa imefunguka, utaiona. Na kumi haikuzi ndege peke yake, inakuza na mtetemo wa mikono yako. Anayefukuzia vindege majanini achukue nane, maana eneo linaloonekana ni pana zaidi na kindege anapatikana kabla hajahama tawi. Mwindaji anayekaa kuchambua mteremko wa ng'ambo saa nzima, kumi juu ya tripodi inamfaa sana.

2. Diopta. Hapa naomba mtulie.

Darubini yangu ya kwanza ya maana niliiwekea akiba miaka miwili. Ilikuwa ya aina ile ambayo ukilivuta gurudumu la katikati kwa nje, linaacha kulenga na kuanza kurekebisha jicho la kulia. Ukilisukuma ndani, linarudi kwenye kazi yake. Siku ya pili tu nililivuta bila kujua nilipokuwa naitoa mkobani, nikalizungusha, nikaona halilengi, nikalisukuma ndani. Nikaendelea na safari. Msimu mzima nilitembea na jicho la kulia lililokosewa.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Jicho la kushoto linaona vizuri, ubongo unalifuata hilo, picha inapatikana. Ila kila baada ya nusu saa kichwa kinaniuma juu ya nyusi. Nikadhani ni jua. Nikabadilisha kofia. Kisha nikaanza kukosea ndege: michirizi ya mabawani ambayo mwenzangu mwenye darubini ya bei ya chini anaiona, mimi naona weupe tu. Mara mbili nilibishana naye nikaandika jina nililotaka mimi, na mara zote mbili picha zake zilionyesha kuwa yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Badala ya kujiuliza, nikamwandikia aliyeniuzia maneno makali, kwamba kanipa kioo kibovu. Mtu wa watu hakuwa na kosa lolote. Ile barua hadi leo inaniuma.

Mwisho nikaamua kuiuza kwa hasara. Aliyekuja kuitazama alikuwa mzee mmoja, mwindaji wa siku nyingi. Hakusema kitu. Aliziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, macho yote mawili wazi, akalenga gome la mti hatua chache mbele yetu, akazungusha gurudumu mpaka nyufa za gome zikasimama. Akahamishia kiganja kushoto, akalivuta gurudumu nje, akarekebisha taratibu, akalisukuma ndani. Kisha akanipa. "Fanya hivyo hivyo kwa macho yako, kijana wangu, si yangu." Nikafanya. Kwenye lile gome palikuwa na chungu mmoja amebeba bawa la nzi, na bawa lilikuwa na mishipa. Mzee akaniuliza: "Bado unauza?"

Kwa hiyo: kila ukiiazima, kila ikitoka mkobani, kabla ya kusema lolote kuhusu kioo, rudia zoezi la mzee. Halichukui dakika moja. Na usifumbe jicho, liache wazi nyuma ya kiganja; jicho lililokunjwa halipimi sawa.

3. Vikombe vya macho, vile vinavyozunguka kioo unachochungulia: mwenye miwani avishushe, asiye na miwani avipandishe. Halafu bana au panua mirija mpaka uone duara moja. Ukiona kivuli cheusi kinacheza pembeni, hapo ndipo tatizo lilipo.

4. Shati si kitambaa cha kufutia. Puliza kwanza, pitisha brashi laini, ndipo ulowanishe kitambaa na ufute. Kioo kisicho na utando hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na ndani ya darubini nyuso hizo ni zaidi ya kumi; piga hesabu ya kinachobaki. Utando wa kuzuia upotevu huo ulitokana na kazi ya Alexander Smakula pale kampuni ya Zeiss mwaka 1935. Kwenye darubini nzuri za mirija iliyonyooka kuna utando mwingine tena ndani, juu ya prizimu (vioo vinavyoigeuza picha iwe wima), ulioanza kutumika mwaka 1988, na ndio unaofanya unyoya uonekane unyoya. Sehemu kubwa ya pesa yako imelala kwenye tabaka hizo nyembamba, nawe unazisugua kwa mchanga wa mfukoni.

5. Wawindaji: darubini ya bunduki ni ya kulengea, si ya kutambulia. Ukiitumia kuangalia kinachotikisika kichakani, umeelekeza mtutu kwa kitu usichokijua. Anayefanya hivyo siendi naye tena porini.

6. Ukimwona ndege kwa macho, usiyahamishe. Ipandishe darubini ije usoni.

7. Kariri alama yako ya diopta, lakini usiiamini milele, macho yanabadilika. Yangu mwaka juzi ilikuwa alama moja upande wa kujumlisha. Sasa ni mbili.