Kuhusu hiyo dawa yako ya presha

Mwanangu,

Umeuliza uiache losartan siku moja kabla hawajakutoa huo uvimbe wa kizazi au uendelee nayo tu. Mi nakuuliza kwanza, daktari wa usingizi umemwambia kila unachomeza? Kila kitu, hadi diklofenaki unazokunywa ukiwa kwenye siku zako, hadi yale majani ya shangazi yako.

Baba yako unamjua. Kwenye ile operesheni ya tezi dume aliulizwa akasema hatumii chochote, kumbe asprini ndogo ya moyo kameza mpaka asubuhi yenyewe, eti wakijua wataahirisha. Na asprini ukiiacha leo inachukua kama wiki damu irudi kuganda vizuri. Alivuja mpaka presha ikasoma 70 kwa 40, sisi huko nje tunaambiwa tafuteni watu wa kuchangia damu, na wa kwanza kufika ni baba yako mdogo, waliyenuniana naye kwa ajili ya shamba la Muheza, kakunja shati kanyoosha mkono, salamu hakuna. Nikikumbuka nacheka, halafu nakasirika upya. Sema kila unachomeza!

Siku hizi kuna dawa ya kupunguza kuvuja, traneksamiki, ya yule mama wa Kijapani Utako Okamoto na mumewe, tangu miaka ya 60. Inazuia bonge la damu lililoganda lisiyeyuke mapema. Ulizia kama watakupa. Utafiti wa 2022, watu 9,535, waliopewa walivuja vibaya 9.1 kwa mia, wa dawa hewa, ile isiyo na kitu ndani, 11.7. Tofauti ndogo eti, ndogo kwa asiyekaa nje ya mlango wa tieta. Ila kama damu iliwahi kukuganda mguuni, hilo nalo useme.

Sasa losartan. Ule utafiti wa Ufaransa wa 2024 ulionitumia umenichanganya, walioendelea na dawa za aina hii, 54 katika kila mia presha iliwashuka mezani, walioacha 41, lakini matatizo ya baadaye yakalingana. Kwa hiyo haijalishi? Mbona kwako, damu yenyewe pungufu, 9, inajalisha, presha ishuke huku unavuja... Halafu ukiiacha ikapanda wakaahirisha je? Sikwambii acha. Ningekuwa mimi ningeiacha, lakini sijasema, muulize huyo daktari wa usingizi, akisema endelea, endelea.

Na FEFO, vidonge vya kuongeza damu, unywe, habari ya kufunga choo utaniambia ukishapona. Ukijibiwa nipigie, usitume meseji.

Mama