Uliza Fundi: Nabadilisha seva za DNS, hizi mashine za Unix mbona zanigomea?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ndiye nashika mitambo kwa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Shimanzi. Tumepata seva mbili mpya za DNS (zile za kugeuza jina la mashine liwe anwani yake) na bosi ataka zile za zamani zizimwe Ijumaa jioni. Mashine nyingi ni Ubuntu, kuna CentOS 7 kadhaa za kitambo, FreeBSD mbili, na Solaris 11 moja ya hesabu ambayo hakuna mtu ataka kuigusa. Nimejaribu Ubuntu moja, nikaandika anwani mpya kwa /etc/resolv.conf (faili ya kuiambia mashine iulize DNS gani), ikafanya kazi vizuri tu, kuiributi ikarudi na zile za zamani. Halafu mwenzangu aniambia niweke seva yetu ya kwanza na 8.8.8.8 ya Google iwe ya pili, ati jina ambalo yetu haijui Google italijibu. Nimfuate?
– Msomaji, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo mwenzako kwa sababu hilo ndilo litakalokuumiza. Usimfuate. Watu wengi wadhani zile laini za nameserver ndani ya resolv.conf, zinazotaja seva za DNS, ni za kujaziana, moja ikikosa jina nyingine yatafuta, na sivyo kabisa. Seva ikisema jina hili halipo, hilo ni jibu, na mashine inalichukua na kuondoka nalo, haiendi kuuliza ya pili. Ni kama umefika geti la godauni askari akakwambia huyo mtu hafanyi kazi hapa, wewe wageuka unaenda zako. Ya pili yaulizwa tu kama ya kwanza imenyamaza au imeshindwa kabisa. Sasa fikiria seva yako imechelewa kidogo siku moja, swali la jina la ndani la ofisi laenda kwa Google, Google hawalijui, wajibu halipo, na programu ya mizigo yaanguka dakika hiyo halafu baadaye yafanya kazi, wewe unabaki kuzunguka na kebo mkononi ukidhani ni swichi. Weka zako mbili zote ziwe na majina yale yale, basi. Majina ya nje hizo hizo zitawatafutia.

Sasa resolv.conf. Kwa Ubuntu za siku hizi hiyo faili si yako, ukipiga ls -l utaona ni kiungo tu kinachoelekea /run, na ndani imeandikwa 127.0.0.53 ambayo ni systemd-resolved, huduma ya kutafuta majina ya hapo hapo kwa mashine. Anwani zenyewe zatoka kwa DHCP (ile ya kuzigawia mashine mipangilio ya mtandao yenyewe) ama kwa faili za /etc/netplan, ubadilishe huko, upige netplan apply kisha resolvectl status uone imeshika. CentOS 7 mara nyingi ni DNS1 na DNS2 kwa ile faili ya ifcfg ya kadi ya mtandao. FreeBSD yenye anwani ya kudumu wahariri resolv.conf yenyewe na yabaki, lakini ikiwa yachukua DHCP basi andika kwa /etc/resolvconf.conf. Solaris 11 ndiyo yenye mambo, pale resolv.conf yazalishwa na SMF, msimamizi wa huduma wa Solaris, kwa hivyo ni svccfg kwa dns/client, halafu svcadm refresh. Na kama mashine nyingi zachukua DHCP, badilisha kule kwa seva ya DHCP kwanza, utajipunguzia kazi nusu. Kuna wale wa kufunga faili kwa chattr +i ili isiandikwe tena, mimi siipendi hiyo, wewe ukihama kazi atakayekuja atakulaani.

Ukishabadilisha, usidhani umemaliza. Programu iliyokuwa inakimbia tangu zamani ilisoma resolv.conf ilipoanza, na glibc, ile maktaba ya Linux ambayo programu hutumia kutafuta majina, ilianza kuisoma upya yenyewe kuanzia toleo la 2.26 la mwaka 2017, CentOS 7 iko na 2.17. Kwa hivyo seva ya barua, databezi, chochote cha muda mrefu, kianzishe upya, na nscd (ya kuhifadhi majibu ya majina) pia kama iko. Hapa ndipo watu wanaponaswa, kila kitu chaonekana sawa mpaka seva ya zamani izimwe ndipo vilio vinaanza. Na hata ukiacha anwani iliyokufa juu ya orodha, Linux (hizo Ubuntu na CentOS) kwa kawaida yaisubiri sekunde 5 kabla ya kwenda kwa inayofuata, kila swali, kwa hivyo ukiona ssh (ya kuingia mashine kwa mbali) yakawia kuingia na kila mtu alia mtandao uko polepole, angalia hapo kwanza.

Kupima usitegemee dig peke yake. Dig yauliza DNS moja kwa moja, programu zako zapitia nsswitch.conf (ya kupanga majina yatafutwe wapi) na /etc/hosts (orodha ya majina iliyo kwa mashine yenyewe), kwa hivyo piga na getent hosts uone mashine yenyewe yapata nini. Utashangaa majina ya mwaka juzi yaliyoandikwa kwa hosts na mtu aliyeshaondoka.

Na hiyo Ijumaa jioni, hapana. Mwambie bosi Jumanne asubuhi, watu wako kazini na wewe uko macho. Kwa seva ya zamani weka tcpdump -n port 53 (yaonyesha maswali ya DNS yanayoingia), iache siku kadhaa, uone nani bado anauliza. Printa, kamera, kile kiswichi cha stoo, hivyo vitu vyote viliandikwa anwani kwa mkono na hakuna aliyeweka rekodi. Bosi akishikilia, basi siku ya kuzima zichukue zile anwani za zamani uziongeze kwa seva mpya kama anwani za pili, uanzishe upya huduma ya DNS ili izisikilize, na waliosahaulika wataendelea kujibiwa wakati wewe wawatafuta mmoja mmoja.

SWALI: Fundi, mimi natumia Mac. Nimehariri /etc/resolv.conf na Safari haijali kabisa. Mbona?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Mac ni Unix lakini programu zake nyingi haziisomi hiyo faili. Badilisha kwa mipangilio ya mtandao ama kwa networksetup -setdnsservers, kisha scutil --dns ikuonyeshe zinazotumika kweli. Ikiwa bado yashikilia majibu ya zamani, sudo killall -HUP mDNSResponder.