Maswali ya Wasomaji: Kufufua Baiskeli ya Kruza Iliyokwisha Kutumika

SWALI: Nimepata baiskeli ya kruza ya zamani iliyokaa stoo kwa miaka mingi. Fremu yake ni ya chuma, matairi ni manene, usukani ni mpana, gia ni moja tu, na breki ya nyuma hufungwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Kromu ina madoa ya kutu, rangi imechubuka, na magurudumu yanakwaruza yanapozunguka. Nimekwisha kununua rangi nyekundu ya kupuliza pamoja na usukani mrefu zaidi, lakini matairi mapya, ambayo ubavuni yameandikwa 26, yamekataa kuingia kwenye rimu. Nianzie wapi, na kwa nini matairi hayakubali?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi hiyo iweke kabatini kwa sasa, kwani ndiyo itakayotumika mwisho kabisa, na huenda hata usiihitaji. Baiskeli ya namna hii hufufuliwa kwa kuanzia sehemu zinazobeba uzito, zikafuata zinazozunguka na zinazosimamisha, na mapambo yakaja baada ya mwenyewe kujiridhisha kwamba chombo ni kizima. Fremu iliyopakwa rangi kabla ya kukaguliwa hulazimika kukwanguliwa tena pale ufa unapogunduliwa, na ufa uliofunikwa kwa rangi ni hatari zaidi kuliko ulio wazi.

Nianze hata hivyo na matairi, kwa kuwa fedha imekwisha kutoka. Maandishi ya inchi 26 peke yake hayatoshi, maana rimu zinazoitwa kwa jina hilo ziko za aina kadhaa zisizoingiliana. Kruza nyingi hutumia tairi la 26 x 2.125, kipimo kilichoenea Marekani baada ya kampuni ya Schwinn ya Chicago kuleta baiskeli zenye matairi manene mwaka 1933, na mahali tairi hilo linapokalia rimu pana kipenyo cha milimita 559. Schwinn hao hao, hata hivyo, walitengeneza pia baiskeli nyingi zenye tairi la 26 x 1 3/4, ambalo rimu yake ni ya milimita 571, na baiskeli nyingi nyembamba za mtindo wa Uingereza hutumia 26 x 1 3/8, yaani milimita 590. Kwa hesabu, 1.75 na 1 3/4 ni kiasi kimoja. Kwa matairi ni vipimo viwili tofauti, na tairi lenye nukta halikai kwenye rimu ya tairi lenye sehemu. Chunguza ubavu wa tairi la zamani utafute namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 57-559: ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu, na hiyo ya pili lazima ilingane kabisa. Ninavyodhani, rimu zako ni za 571 na matairi uliyonunua ni ya 559. Usijaribu kuyaingiza kwa nguvu ya bisibisi, kwani utapasua tyubu na kupinda rimu, na tairi bado litakataa.

Sasa turudi kwenye fremu. Kabla ya kufungua nati yoyote, soma namba ya usajili iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya bomba la krenki, yaani mhimili unaobeba pedali, na uhakikishe kwamba baiskeli haijaripotiwa kuibwa. Kisha isafishe kwa maji ya sabuni na uipitie kwa tochi maungio yote, hasa pale mabomba mawili ya mbele yanapokutana na bomba la kichwa. Ukiona rangi imekunjamana au bomba limevimba kidogo nyuma ya kichwa, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Itazame foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kutoka ubavuni, maana foku iliyorudi nyuma huonekana kwa macho. Foku iliyopinda ibadilishwe. Usikubali fundi ainyooshe kwa nyundo, kwa kuwa ndiyo inayobeba kifua na uso wako.

Ukiridhika na fremu, ifungue baiskeli yote. Piga picha kila hatua na weka vipande vya kila sehemu katika kopo lake. Nguzo ya kiti na shina la usukani huenda vimeganda kwa kutu. Vinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu na uviache kwa siku kadhaa ukirudia kunyunyiza, badala ya kuvipinda kwa bomba refu hadi fremu yenyewe ipotoke. Kwenye krenki ndipo wengi wanapoharibu. Kruza nyingi za zamani zina krenki ya kipande kimoja, iliyokunjwa kama herufi ya S, na upande wake wa kushoto nyuzi zote zimegeuzwa: pedali ya kushoto, nati ya kufungia na koni iliyo nyuma yake (kipande ambacho gololi huzungukia) vyote hulegea kwa kuzungushwa upande wa saa. Anayekazana na spana kwa mazoea ya kawaida huzidi kukaza hadi nyuzi ziharibike. Baada ya kuviondoa hivyo, krenki nzima hupenyezwa na kutolewa kwa upande wa kulia, bila kutenganisha kitu kingine. Ukinunua pedali mpya, kumbuka kwamba krenki ya kipande kimoja hutumia nyuzi za nusu inchi, ilhali pedali nyingi za krenki za vipande vitatu ni za 9/16.

Kukwaruza unakokusikia kunatoka kwenye grisi iliyokauka na kushika uchafu, na pengine kwenye gololi zilizoliwa. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu raha ya kuendesha kruza inatokana na uzito wake kuteleza bila kelele. Safisha vikombe vinavyoshika gololi na koni zote, zipanguse zikauke, kisha zitazame kwenye mwanga. Njia ya gololi inapaswa kuwa laini na yenye kung'aa. Ikiwa ina vishimo, grisi mpya haitaiponya, na koni hiyo ibadilishwe. Gololi nazo zibadilishwe zote za sehemu hiyo kwa pamoja, kwani mpya zikichanganywa na zilizopungua, zile kubwa ndizo zitakazobeba mzigo wote. Unaporudisha koni, ikaze hadi mtikisiko wa pembeni uishe huku gurudumu likiendelea kuzunguka lenyewe na kusimama polepole, bila kukwama ghafla. Mara nyingi nati ya kufungia hubadilisha mkao wa koni unapoikaza, kwa hiyo rudia bila kuona uchovu.

Mnyororo uupime kwa rula. Pini ambazo kwenye mnyororo mpya hutengana kwa inchi 12 zikifikia inchi 12 na moja ya nane, umeliwa na utakula meno ya spoketi mpya. Mnyororo wa kruza ni mpana, wa nusu inchi kwa moja ya nane ya inchi, hivyo usinunue ule mwembamba wa baiskeli za gia nyingi.

Kuhusu kutu ya kromu, chukua karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iloweshe maji na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu ya juu bila kuacha mikwaruzo. Vishimo vidogo vitabaki, kwa sababu pale kromu yenyewe imekwisha kutoka. Vifunike kwa nta ili unyevu usiingie. Siki hufanya kazi vizuri kwenye vipande vidogo visivyo na kromu, kama nati na bolti, mradi baadaye uvisuuze kwa maji yenye magadi, uvikaushe na uvipake mafuta mara moja, vinginevyo kutu itarudi baada ya saa chache.

Na rangi? Ikiwa zaidi ya nusu ya rangi ya kiwandani ingalipo, pamoja na mistari iliyochorwa kwa mkono na nembo ya kichwani, ushauri wangu ni uiache. Isafishe, ing'arishe kwa nta, na utie rangi inayofanana kwenye michubuko tu. Rangi ya awali ikishakwanguliwa hairudi, na nyekundu ya kopo haitaifikia kwa ugumu wala kwa uzuri. Ikiwa kweli imeharibika, basi ikwangue, lakini rangi za miongo iliyopita huenda zina madini ya risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa inayofaa, na kusanya mabaki mbali na watoto. Chuma kilichobaki wazi kipate praima siku hiyo hiyo. Ziba nyuzi zote, ndani ya bomba la krenki na mahali vikombe vinapokaa, na usiizike namba ya usajili kwa rangi nzito. Puliza tabaka nyembamba nyingi badala ya moja nene, kisha iache fremu ikauke kwa siku nyingi kuliko kopo linavyosema kabla ya kufunga kitu chochote, kwa kuwa rangi iliyokauka juu tu humenyuka pale nati inapokazwa.

Usukani wako mpya upime kabla ya kuushikilia kwa furaha. Mashina ya kruza nyingi za zamani za Marekani yana unene wa milimita 21.1, ilhali foku nyingine nyingi hupokea 22.2, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuzuia shina lisiingie, au kuliacha likicheza. Alama ya kina cha chini kabisa cha kuingiza, iliyo kwenye shina, lazima ifichike ndani ya foku. Usukani ukiwa mrefu sana, ugeuze pande zote mbili ukiwa umekaa: pembe zake zisiguse magoti.

SWALI: Kruza yangu ina breki ya kukanyaga nyuma pekee. Nikishuka mteremko mrefu, habu, yaani kitovu cha gurudumu, hupata moto na kutoa harufu, kisha breki hulegea. Je, ni ubovu?

JIBU: Si lazima iwe ubovu, ila ni onyo la kweli. Breki ya namna hiyo hugeuza mwendo wote kuwa joto ndani ya habu moja ndogo. Vijana wa Marin County, California, waliokuwa wakishuka milimani kwa kruza za zamani katika miaka ya 1970, walilijua jambo hili vizuri: katika mashindano yao ya mteremko yaliyoanza mwaka 1976, grisi iliungua hadi ikatoka kama moshi, na ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa upya. Kutokana na baiskeli hizo ndipo ilipozaliwa baiskeli ya mlimani.

Ifungue habu, safisha viatu vya breki na ukuta vinapogusa, kisha tia grisi inayostahimili joto kali. Halafu kagua mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwa kamba ya bati kwenye bomba la chini la nyuma la fremu, upande wa kushoto. Mkono huo ndio unaozuia habu isizunguke unapofunga breki. Bolti yake ikilegea au kukosekana, ekseli inaweza kujifungua na breki ikapotea. Kumbuka pia kwamba mnyororo ukichomoka, breki hii haipo tena, na kwa sababu hiyo pekee mimi siipendekezi kruza isiyo na breki ya mbele kwa mtu yeyote anayepita barabarani. Tairi la 2.125 ni pana mno kwa breki nyingi za kubana rimu, na rimu ya chuma ikilowa mvua hubanwa bila kushika. Gurudumu la mbele lenye breki ya ngoma ndani ya habu ni suluhisho bora zaidi, mradi foku iwe imara na mkono wa breki hiyo ufungwe barabara.

SWALI: Napanda vilima kwa shida sana. Je, niweke habu ya gia tatu?

JIBU: Jaribu kwanza njia rahisi. Kruza yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea takriban mita 5.1 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiiondoa spoketi ya nyuma, ambayo kwenye habu nyingi za breki ya kukanyaga hushikwa na pete ya chuma tu, na kuweka ya meno 22, itasogea kama mita 4.1, na mguu utahisi nafuu hiyo papo hapo, ingawa kwenye tambarare utapiga pedali kwa haraka zaidi. Huenda ukahitaji kuongeza pingili za mnyororo. Baadaye vuta gurudumu nyuma hadi mnyororo, ukiubonyeza katikati, ucheze kama sentimita moja.

Habu ya gia tatu ni kazi kubwa zaidi. Kwenye ile ya kampuni ya Sturmey-Archer ya aina ya AW, gia ya chini hupunguza mwendo hadi asilimia 75 ya gia ya kati, na ya juu huongeza hadi asilimia 133, hivyo kwa meno 44 na 18 utapata takriban mita 3.8, 5.1 na 6.8. Kabla ya kuinunua, pima nafasi iliyopo kati ya miguu ya nyuma ya fremu, ambayo kwenye kruza nyingi za gia moja ni kama milimita 110, kwa kuwa habu ya gia inaweza kuwa pana zaidi. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa milimita chache na fundi anayejua kuipima ikiwa imenyooka. Ya alumini isipanuliwe kabisa. Hesabu matundu ya rimu, mara nyingi 36, yalingane na ya habu, na uwe tayari kununua spoki za urefu mwingine. Zaidi ya yote uliza kama habu hiyo ina breki yake ndani, kwani AW haina, na ukiifunga bila kuongeza breki ya mkono, gurudumu la nyuma litabaki halina kitu cha kulisimamisha.